Honorable ya Kuazima

Niseme kwanza ile ya haya kupita zote, ili nisipate nafasi ya kuificha. Mu miezi yote nilikaa mu assemblée ya province, nilisimama kusema mara moja tu, na maneno yangu ile siku ilizika daraja ya bamama yenye balinipigia kura. Halafu nikatoka inje, na bamama bale bale balininyanyua juu. Balinibeba ku mabega, mimi na tumbo yangu hii, balizunguka na mimi mara tatu mu parcelle, kiwanja ya assemblée, banaimba, banatandika bapagne, vitenge yao, chini ili nikishuka nikanyage muzuri. Na mimi? Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nainua mukono sawa mutu mwenye alishinda vita. Kiatu moja ilianguka, mama moja akaiokota, akaipangusa na kitambaa yake ya kichwa, akanivalisha. Nikamuambia merci.

Ndiyo, nilisema merci.

Bon, niwaambie vile ilifika pale.

Mi niko mutu ya toleka. Kwetu Kisangani toleka iko kinga, baisikeli, ya kubeba batu: client anakaa nyuma ku sponge, weye mbele unakanyaga pédale, jasho iko yako na upepo iko ya client. Nilifanya ile kazi miaka mingi ku parking moja upande ya Simi-Simi, kabla pikipiki bakuje batunyanganye bateja yenye haraka na batuachie bale ya kilo mingi. Masomo yangu ilisimama ku troisième secondaire. Sisemi ilianguka, ilisimama tu, sawa mashini yenye ilikosa essence mu njia, na mi niko nangojea mutu alete essence mupaka leo. Lakini Mungu alinipa kinywa. Kama polisi anashika kinga ya mutu ku parking, mi ndiye naenda kusema. Kama bateja banagombana, mi nabachekesha, banasahau kwa nini baligombana. Ndiyo sababu nilikuwa président ya parking, cheo yenye haina bureau wala kiti.

Sasa mukubwa moja, professeur, mutu ya costume na gari ya baridi ndani, alitaka kuwa député provincial. Kwetu candidat anaandikaka jina yake na chini yake jina ya suppléant. Suppléant iko sawa pneu ya akiba nyuma ya gari: kama ile ingine inatembea muzuri, hakuna mutu anakuangalia. Lakini kama député anaitwa kuwa ministre, hawezi kukaa pa viti mbili, donc suppléant anaingia mu assemblée ku nafasi yake. Na ile ministre kama inaisha, mwenyewe anarudia kiti yake, suppléant anarudi kwake. Professeur hakuwa anajulikana ku upande yetu. Alitafuta mutu mwenye kelele, bakamuonyesha mimi.

Fiche ya candidature aliijaza rafiki yangu. Niseme yeye ni nani: yeye iko yaya kwangu, sawa kaka mukubwa, alinipita miaka tano hivi, na anatengeneza kinga pembeni ya parking yetu, chini ya manjanja, bati moja ya zamani. Yeye alimaliza masomo. Iko na diplôme d'État ya kweli, ameiweka mu plastique ndani ya caisse ya barustine, viraka ya pneu, na colle, sababu, anasema, pale ndipo inatumika. Ku fiche bakauliza kazi ya suppléant. Nikamuambia, yaya, andika toleka. Akaniangalia, akaandika: opérateur économique, secteur transport. Tulicheka mupaka akaangusha pompe.

Alors, daraja. Nyuma ya Simi-Simi kuna kamuto kadogo, jina yake mingi habajue, na njia ya kwenda mashamba inapita juu yake. Daraja iko miti ine ya kuanguka na mbao juu, mbao zenyewe zimeoza. Bamama ya mashamba banapita pale kila asubui na pondu, ile majani ya mihogo, na makemba, ile ndizi ya kupika, na mihogo ku mugongo, kamba ku paji ya uso, banaangalia chini tu. Wakati ya mvua maji inapanda inafunika mbao, na mutu anatafuta na kidole ya muguu mahali ya kukanyaga. Ku campagne nilibapeleka bote pale. Nikasema: bamama, angalieni hii kitu munaita daraja! Nikaruka juu yake ili baone. Mbao ikapasuka, muguu yangu ikaingia mupaka ku paja, nikabaki pale nimekwama, na megaphone mu mukono. Nikasema mu megaphone: "Munaona? Hata député inameza!" Balicheka mupaka bengine bakakaa chini. Nafikiri ile siku ndiyo tulishinda. Mama moja mwenye kuuza makemba, mama mukubwa ya bote pale, alinivuta muguu, ilikuwa inatoka damu, akaniambia: "Mutoto yangu, ukiingia kule, usisahau hii kidonda."

Professeur akashinda. Miezi haikupita mingi bakamutaja ministre ya province, na ministère yenyewe, Mungu naye iko anachekaka, ilikuwa ya barabara na madaraja. Na mi nikawa Honorable.

Kama unajua toleka, unajua kwamba nyuma ya kinga mutu anakaa bila kusema, na mbele mutu anafanya kazi. Mu assemblée nilikuwa client mara ya kwanza mu maisha yangu. Wiki mbili za kwanza sikujua micro inawashwaka wapi. Siku moja niliibonyeza ili niijaribu, ikawaka taa nyekundu, président akasema: "L'honorable a la parole," na bote bakageuka. Nikasema: "Bonjour." Nikazima.

Ku nyumba batu balianza kukuja mbele ya jua kutoka. Moja anataka kazi, mwingine maiti ya ndugu yake iko ku morgue, mwingine hana kitu, anataka tu kukaa kidogo kwa député. Muke yangu alipenda kuitwa mama honorable, lakini ba chaise yake ya plastique yote ilivunjika muguu.

Yaya yangu ndiye alinifundisha kazi. Nilikuwa namuletea règlement intérieur, kitabu ya sheria ya assemblée, anaipangusa mafuta ya chaîne, ananisomea pale chini ya manjanja kati ya client na client. Alinipangia mamotion yote. Motion ya ordre, ile ya information, ile ya procédure. Ile nilipenda kupita yote iko motion préjudicielle. Yaya aliieleza vile: "Batu bote bako mu file, banangojea. Weye unasimama unasema: mbele ya kuzungumuza hii jambo, kuna ingine ya kuangalia kwanza. Bon, pale pale bote banasimama, banakusikiliza weye. Sawa ambulance." Nilipenda ile ambulance sana. Nilikuwa najizoeza ile neno juu ya kinga ya mutu mwenye hakutaka kuisikia: pré-ju-di-ci-elle.

Mvua ikaanza. Ile mama ya makemba alianguka ku daraja na kitunga yake ku mugongo, akavunjika hanche, mufupa ya kiuno. Balimubeba ku hôpital juu ya toleka, mi mwenyewe nilibeba kitunga. Kisha ile siku bamama baliandika barua ya kuomba daraja mupya. Ilikuwa page moja ya maneno, na nyuma yake alama ya vidole, vidole, vidole, ya encre ya violet, page mbili nzima ya vidole. Balinipatia mimi. Nikaipeleka kwa ministre, mukubwa yangu, mwenye kiti yenye nilikalia. Akasema: "Honorable, dossier iko ku étude, banaisoma."

Miezi tatu ilikuwa ku étude. Mi nilisimama ku troisième, lakini hata mi nilijua étude haichukuaka hivi. Kila asubui bamama banapita mbele ya kwangu na mizigo, banauliza bila kusimama: "Député, tunasema nini?" Nikajibu: "Tunasonga mbele, mama!" Halafu narudi ndani, nafunga mulango. Nikienda ku cabinet ya mukubwa, secrétaire ananiambia iko mu réunion, na mi nasikia anacheka nyuma ya mulango.

Bamama habakuwa bajinga. Balipeleka copie ya barua kwa député mwingine, mama moja muzee, mwalimu ya zamani, mwenye hakuwa ya upande ya ministre na hakuwa anaogopa mutu. Yeye akaandika question orale: ministre akuje aeleze mu plénière, mbele ya bote, kwa nini daraja haijengwe. Na bote tulijua vile ile kitu inaendaka. Kama jibu iko mubaya, badéputé banaweza kupiga kura ya kumufukuza.

Siku moja mbele ya ile plénière, mchana, ministre mwenyewe akanipigia simu. Mara ya kwanza.

"Honorable, kuja nikuone."

Nikaenda. Climatiseur ilikuwa inapiga mupaka meno yangu inagongana. Akanipa juice. Akasema:

"Bamama yako banataka nini na mi?"

"Daraja, Excellence."

"Hiyo najua. Mi nauliza, unajua kesho banataka kufanya nini?"

"Question orale, Excellence."

"Kesho banataka kuniangusha." Akaweka mikono yake mbili juu ya meza. "Na mi nikianguka, Honorable, naanguka wapi?"

Nikaangalia juice.

"Naanguka juu ya kiti yako. Kiti iko yangu, weye unanichungia tu. Sijakutisha. Mi nakueleza tu loi. Umekwisha kujua loi, banasema unaisoma kwa mutu ya barustine."

Nikanywa juice. Ilikuwa ya nanasi. Nakumbuka nilifikiri kitu ya ujinga kabisa: nilifikiri ba chaise ya muke yangu, kama nitaweza kuinunua zingine.

"Sasa nifanye nini, Excellence?"

"Mi sikuambii kufanya kitu. Weye ni député."

Ku nyumba muke yangu aliuliza: "Kesho utavaa costume gani?" Niko na costume moja.

Asubui bamama bakakuja mu assemblée, makumi tatu na kitu, bamevaa pagne moja, ile ya rangi ya majani, banafikaka nayo ku matanga ya batu bakubwa. Ile mama ya makemba hakukuja, alikuwa bado ku kitanda, lakini balileta barua na vidole yake pale juu kabisa. Yaya yangu aliketi mu katikati yao mu banc ya public. Alikuwa amefunga caisse ya kazi, kitu hafanyaka hata siku ya Noël. Mi nilibaonyesha mukono kutoka kiti yangu. Bote bakanionyesha.

Mama mwalimu akasoma question yake. Alisoma muzuri, polepole, sawa mu classe. Ministre alikuwa pale mbele na bakaratasi zake, na mi niliona ile karatasi ya juu haikuandikwa kitu. Hakuwa na jibu. Miezi tatu ya étude na hakuwa na jibu hata moja.

Nikawasha micro.

"Motion préjudicielle, monsieur le président."

Bote bakaacha kusema, sawa vile yaya alinifundisha. Ambulance ikapita. Nikasema mu Français yangu yenye ilikuwa inachechemea lakini inaenda: ile kamuto iko mpaka kati ya commune na secteur ya jirani. Donc mbele ya kumuuliza ministre, ni lazima commission iende kuangalia daraja iko ya nani. Kama iko ya secteur, question haiko na mahali pa kukaa. Nilisema pia neno "compétence territoriale," ni kusema mamlaka ya nani inafika wapi. Sijui ilitoka wapi. Kinywa yangu mwenyewe iliniletea, sawa vile inaletaka vichekesho ku parking.

Bakapiga kura juu ya motion yangu mbele ya yote, vile sheria inasema. Upande ya ministre balikuwa bengi. Ikapita. Question ikatumwa ku commission, ministre akakunja bakaratasi yake mweupe, akatoka. Wakati anapita nyuma yangu akagusa bega yangu na vidole mbili.

Na pale juu ya banc ya public bamama bakaanza kupiga makofi. Mimi nilifikiri: habakusikia Français. Banaona tu député yao alisimama, alisema murefu, ministre ametoka na haraka. Habakujua. Bakapiga vigelegele mupaka président akagonga nyundo. Mama mwalimu aliniangalia kutoka kiti yake. Hakukasirika. Aliniangalia vile mwalimu anaangalia mutoto mwenye alijua jibu na akaandika ingine.

Inje ile yenye nilishakuambia. Mabega, nyimbo, kiatu.

Yaya hakuimba. Alikuwa ku mulango ya parcelle, kinga yake mu mukono. Wakati balinishusha nikaenda kwake, nafikiri nilitaka aseme kitu ya kunitukana. Akasema tu: "Préjudicielle uliisema muzuri. Accent ilikuwa bien." Akapanda kinga.

Commission haikuenda kuangalia kamuto. Hakukuwa na gari, halafu hakukuwa na rapporteur ya kuandika ripoti, halafu vacances parlementaires, likizo ya badéputé, ikafika. Kila mara niliuliza, nilijibiwa "bientôt," karibuni, na badéputé bale bale balipigia motion yangu kura ile siku. Nilikasirika sana, nilikuwa natembea mu nyumba nagonga meza na kukasirikia commission, mupaka muke yangu akauliza: "Lakini papa, si weye ndiye uliituma kule?" Nikatoka inje.

Halafu, na hii ndiyo inanichomaka mupaka leo, gouverneur akabadilisha ba ministre. Si juu ya daraja. Daraja hakuna mutu aliikumbuka. Alibadilisha tu, na mukubwa yangu hakurudi ku liste. Balisoma majina ku radio mbele ya habari ya mupira, na siku ya tatu professeur alikuwa amekaa ku kiti yake na ameweka sac yake pale niliweka mikono. Secrétaire akaniita nirudishe badge. Akasema: "Honorable, unaweza... pardon, papa, unaweza kuweka pale." Alibadilisha haraka sana. Nilitaka kucheka, ikakataa kutoka.

Donc niliuza daraja kwa ajili ya kiti, na kiti yenyewe ikaenda na mwenyewe. Hata soko ya mubaya haiuzaka hivi.

Nikarudi ku parking. Kinga yangu ilikuwa ku nafasi yake, yaya alikuwa anaipangusa wakati sikuwapo, sikumuomba. Bateja ya zamani balifurahi sana. "Excellence, unipeleke marché ya pondu!" "Honorable, punguza bei, iko ku budget!" Moja alikaa nyuma akasema: "Sasa ndiyo nakalia député." Mi nilicheka nabo, nabajibu, nabafanyia discours juu ya pédale. Hakuna mutu anajua kuchekesha juu yake mwenyewe kupita mimi, nilikuwa na hakika ya ile. Lakini kama client anasema anaenda upande ya mashamba, kupita ku kamuto, nasema pneu yangu haina upepo. Nilisema vile mara mingi mupaka batu balifikiri pneu yangu iko na ugonjwa.

Bamama banapita na mizigo, bananiita bado "député yetu." Kila mara. Ile ndiyo ilinishinda. Kama bangenitukana ningejua namna ya kujibu.

Siku moja ya jeudi hakukuwa na bateja. Yaya alikuwa anatengeneza rayon ya gurudumu ya mutu. Nikakaa pembeni yake juu ya bidon. Nikasema:

"Yaya, nitaenda kubaambia. Nitabaeleza yote. Kwamba ile siku sikusimama kwa ajili yao. Bakunje mikono banipige, haina maneno. Mi siwezi tena ile député yetu, député yetu."

Hakuinua macho. Akageuza gurudumu kidogo, akaisikiliza.

"Kubaambia nini?"

"Kwamba nilizika daraja yao. Habakusikia Français."

"Mi nilikuwa nimekaa pale katikati," akasema. "Unafikiri nilikuwa nafanya nini? Nilibatafsiria neno kwa neno. Compétence territoriale pia, ile ilinipa taabu."

Nikasimama, bidon ikaanguka.

"Banajua?"

"Banajua tangu ile saa. Mama moja akasema tumuzomee. Ile mwingine, mutoto ya mama ya makemba, akasema hapana, tukimuzomea atakuwa ya ministre kabisa, na hatuna député mwingine. Tumupigie makofi, tumubebe, pengine haya itamurudisha. Balikungojea. Balikungojea muda murefu sana, leki, mudogo yangu." Akafungua frein ya ile kinga, akaifunga tena. "Sasa habangoje tena. Kesho kutwa, samedi, bote banafanya salongo, kazi ya pamoja, ku kamuto, bamepata mbao kwa mutu moja ya Bengamisa. Balinituma nikuambie: ulete misumari, ile ya murefu. Na ukuje mapema, habatasimamisha kazi juu yako."